Nyota Zilizolambwa

Mlango wa friji ulitoa ule mlio wake mdogo gizani, pwa, kama ufizi wa kibogoyo unaoachia kijiko. Misao akafumbua macho. Pembeni yake Kozue, bintiye, alilala chali kinywa wazi, mguu mmoja nje ya blanketi. Kimya kidogo, halafu pwa ya pili: mlango umefungwa.

"Mama anatafuta mayai," Misao alijiambia, akaufunika mguu wa mtoto.

Hakukuwa na la ajabu hapo. Huku Kamifuchi, Hokkaido ya ndani, kaskazini mwa Japani, miezi ya baridi friji haikuwa ya kupoza kitu. Jiko lenyewe usiku lilikuwa na baridi kuliko friji. Mayai, viazi vilivyobaki, chupa ya sosi ya soya, achari ya figili, vyote vililazwa humo ili visigande. Na Bi Yone, mama mkwe wake, ndiye aliyeamka kabla ya wote kuwasha jiko la mafuta ya taa. Asipofungua friji yeye, afungue nani?

Lakini baada ya friji, nyayo hazikuelekea kwenye jiko. Zilikwenda upande wa kibaraza, zile za soksi nene zisizotaka kusikika, na mlango wa kibaraza ukateleza pole, pole mno, kama mtu anayefunua jeraha. Ukafungwa vilevile. Misao akakaa kitako kwenye godoro. Mayai hayapelekwi kibarazani.

Kibaraza kile cha vioo, mbele ya nyumba, ndicho kilichozuia upepo usiingie ndani kila mlango ulipofunguliwa. Hapakuwa na joto lolote pale. Baridi ya nje na ya kibarazani zilikuwa mtu na dada yake. Kwa watu wengine ilikuwa sehemu ya kuachia viatu na koleo. Kwa Misao ilikuwa karakana. Kamera aliyoachiwa na marehemu babake ilisimama pale juu ya kigoda, ikitazama chini, na kwenye rafu lilikaa kopo la biskuti za mchele. Ndani ya kopo: lenzi ya kukuzia aliyoazimwa na shule, vipande vyembamba vya kioo, kitambaa cheusi cha mahameli, brashi ndogo ya kupakia rangi, na unyasi mmoja wa ufagio, mwembamba kama unywele. Vitu vyote hivyo vilitakiwa vilale kwenye baridi usiku kucha. Chembe ya theluji ikitua juu ya kitu chenye joto hata kidogo, haingoji kuagwa.

Alfajiri ile theluji ilikuwa ikianguka. Misao alipotoka na skafu puani, kopo lilikuwa mahali pake kwenye rafu. Kipimajoto kilisema nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, baridi ambayo nyota kubwa hupenda kuzaliwa ndani yake. Alitandaza mahameli, akatoa mkono nje ya mlango, akakinga.

Nyota ilitua. Aliinyanyua kwa ncha ya unyasi, akailaza juu ya kioo, akawasha tochi kwa upande ili mwanga uipite chini kwa chini, kisha akabana pumzi na kuinama. Kila mara alipotazama, moyo wake ulifanya kitu kilekile: ulisimama kama mgeni mlangoni. Mikono sita. Kila mkono na matawi yake, kila tawi na vijitawi, na katikati ua dogo la pembe sita lenye mistari mfano wa kioo kilichochongwa. Mikono ile ilikua pamoja ikishuka, ikipita kwenye hewa ileile, baridi ileile, ndiyo maana ilifanana kama ndugu waliolelewa na chungu kimoja. Tangu utotoni Misao alikuwa amezoa theluji kwa koleo na kuitupa kando ya njia kama taka. Hakujua anazoa nyota.

Alibonyeza. Akapiga nyingine, na nyingine. Lakini macho yake yaliona jambo ambalo hakutaka kuliona. Ncha za mikono hazikuwa kali. Zilikuwa butu, zimeviringana, mithili ya peremende iliyotolewa mdomoni.

Alipokunja mahameli aliinusa bila kukusudia. Ilinuka achari ya figili.

Siku hizo Sakuji, mumewe, alikuwa kusini akichimba mahandaki, kama wanaume wengi wa vijiji vile ambao mashamba yao hulala chini ya theluji. Angerudi barafu ikiyeyuka. Nyumbani walibaki wanawake watatu, mmoja mzee, mmoja kijana na mmoja wa miaka minne. Mchana Misao alifanya kazi kiwanda cha maziwa. Jioni Bi Yone alibaki na Kozue, naye Misao akapanda treni kwenda shule ya sekondari ya jioni, darasa la waliokosa nafasi utotoni: seremala, mhudumu wa kituo cha mafuta, mama wa watoto. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho.

Kila mmoja alitakiwa afanye kazi moja ya kumalizia. Ya Misao ilikuwa theluji: apige picha kwa karibu, aonyeshe umbo gani huanguka kwenye baridi gani. Sindano alizipata, zile zinazoanguka baridi ikiwa ndogo. Sahani za pembe sita alizipata. Nguzo fupi kama vipande vya penseli alizipata pia. Ilibaki nyota kubwa, na bila nyota hakuna kitu, maana kituo cha hali ya hewa cha mjini kilikuwa kinatafuta msaidizi wa kusoma vipimo na kutazama mawingu, na Mwalimu Horikoshi alikuwa ameahidi kumpeleka yeye, na picha zake mkononi.

Jioni ile waliosha filamu pamoja kwenye chumba cha giza cha shule. Mwalimu alizitazama kwa kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine.

"Misao, hizi ulipiga kwenye nyuzi ngapi?"

"Kumi na tano chini ya sifuri, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Nilisoma mwenyewe."

"Basi tazama." Akamsogezea kioo. "Nyota ya baridi hiyo ina ncha kama sindano ya cherehani. Hizi zimelambwa."

"Zimelambwa na nani?"

"Na joto. Kipimajoto chako kinasema hivi, picha inasema vile. Mmoja wao muongo, na theluji sijawahi kuiona ikidanganya."

"Labda amepiga picha za sukari!" seremala alisema kutoka mlangoni, na darasa likacheka.

Misao hakucheka. Masikio yake yaliwaka. Mwalimu hakuwa amemwita muongo, lakini neno lilikuwa limeshapita chumbani na kila mtu alilisikia.

"Vifaa vyangu vinalala nje, Mwalimu. Kila siku."

"Basi kuna mahali joto linapata mlango," Mwalimu alijibu taratibu. "Utafute. Siwezi kupeleka kituoni picha inayobishana na vipimo vyake. Na fanya haraka, Machi hii haina subira."

Ndani ya treni, kichwa kikiwa kimeegemea dirisha lenye barafu, Misao aliutafuta mlango huo. Kozue? Mtoto alijua sheria. Kila mara alimwambia, "Vitu vya Mama vinakaa baridi, la sivyo nyota zinalia," na Kozue alizishika sheria kuliko askari. Wezi hawakuwepo Kamifuchi. Wa kuiba lenzi angeiuza kwa nani? Akabaki mtu mmoja, mwenye soksi nene na mikono inayonuka achari.

Hakutaka kulifikiria, lakini fikra hazikungoja ruhusa. Alikumbuka mwanzoni mwa baridi, siku Bi Yone alipomletea chai kibarazani. Misao alikuwa ameinama juu ya kioo, pumzi kifuani, nyota ya kwanza nzuri ikiwa mbele yake. Mama mkwe akainama pia atazame, akahema, na nyota ikawa tone la maji. "Mama, tafadhali!" Misao alisema kwa ukali ambao haukuwa wake. "Usipumue hapa!" Bi Yone aliweka kikombe chini kwenye kizingiti, akarudi ndani. Hakuja tena. Na aliuliza siku moja tu nini hasa hufanyika pale; Misao, akiwa na haraka ya treni, akamjibu kwa maneno ya darasani, ya unyevu na nyuzi, mama mkwe akatikisa kichwa kama anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Mwanamke anaweza kuweka kitu kama hicho moyoni, Misao aliwaza. Anaweza kukiweka kwenye achari mpaka kiive.

Asubuhi ya siku ya mapumziko alikuwa akizoa theluji mbele ya nyumba wakati Mama Nagai wa nyumba ya pili alipoegemea koleo lake.

"Misao! Bado unawapiga picha wageni wa mbinguni? Waambie watabasamu!"

"Wanakataa, Mama Nagai. Wana aibu."

"Na hicho kituo cha mjini je? Utaenda?"

"Nikipata nyota."

"Mkwe wako anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Hee!" Mama Nagai akashusha sauti, ingawa pale hapakuwa na mtu isipokuwa kunguru. "Mkwe asiyesema kitu ndiye wa kumwogopa. Wangu alikuwa anafoka kutwa, nikajua yuko wapi. Siku aliponyamaza, nikakuta kimono changu cha harusi kimekatwa foronya. Foronya tatu! Nikizilalia naota naolewa upya."

Misao alicheka, akachota koleo jingine. Jioni, wakila supu ya miso yenye viazi, alimtazama Bi Yone kama mtu anayeutazama mto kabla ya kuuvuka.

"Huko kituoni," Bi Yone alisema, akimwondolea Kozue ngozi ya samaki, "wanaingia kazini mapema?"

"Mapema, Mama."

"Kabla ya uji?"

"Nadhani."

"Duniani kuna mambo. Mtu analipwa kwa kutazama juu. Mimi nimetazama chini maisha yangu yote, kwenye viazi, na shingo ndiyo hii." Akajipapasa shingo. "Lakini redio inasema baridi inakwisha. Eti karibu tutaupata upepo wa kusini."

"Mama anafurahi baridi ikiisha?"

"Nani asiyefurahi?"

Alitabasamu. Misao akaliona lile tabasamu, akaligeuza upande huu na upande ule, na kila upande alioligeuza lilimwonyesha meno.

Usiku huo, kabla ya kulala, aliweka mtego. Hakutumia uzi wala unga, kwani mtu anaweza kuurudisha uzi na kuupangusa unga. Alichota theluji laini kidogo kwa kidole, akaiweka katikati ya kifuniko cha kopo, kijilima kisichozidi ukubwa wa kishimo cha shavu la Kozue. Kopo likikaa kwenye baridi, kijilima kitabaki kama kilivyo. Likiingia kwenye joto kisha likarudi kwenye baridi, theluji itayeyuka na kuganda tena. Mtu anaweza kufuta alama za vidole vyake, lakini joto haliwezi.

Asubuhi alipotoka kibarazani kopo lilikuwa palepale kwenye rafu, limenyooka. Juu ya kifuniko hapakuwa na kijilima. Palikuwa na kiduara chembamba cha barafu, laini, kinang'aa kama jicho la samaki.

Alikibandua kwa ukucha, akakishika kiganjani mpaka kikawa maji. Kumbe mtu akiwa na hakika, baridi haiumi. Siku nzima kiwandani alipanga chupa za maziwa na kupanga maneno pamoja nazo. Atasema hivi. Mama atajibu vile. Yeye atasema, basi Mama ungesema tu kwamba hutaki niende. Kila alipofika kwenye neno hilo alilengwalengwa na machozi, kwa sababu alimpenda yule mzee. Mikono ileile yenye harufu ya achari ndiyo iliyomkanda kiuno siku Kozue alipokuwa anakataa kuzaliwa.

Redio ikatangaza jioni: usiku utakuwa na baridi kali, theluji itaanguka alfajiri, na baada ya mchana upepo wa kusini utaingia na kukaa. Misao akajua asubuhi hiyo ndiyo ya mwisho. Nyota zikikosekana kesho, zimekosekana mpaka mwakani, na kituo hakitangoji mwakani.

Angeweza kulificha kopo kwenye banda la kuni. Alilifikiria jambo hilo, akiwa amelishika mikononi. Kama angelificha angeipata picha yake kwa amani. Lakini asingejua. Na usiku ule, Mungu amsamehe, alitaka kujua kuliko alivyotaka nyota. Akaliweka kwenye rafu, mahali pa kila siku.

Alilala na nguo zake. Aliota foronya. Na gizani, kabla dirisha halijaanza kuwa kijivu, akausikia: pwa.

Safari hii hakungoja pwa ya pili. Aliteleza nje ya godoro bila kumgusa Kozue, akapita ukumbini kwa miguu mitupu, akasukuma mlango wa jikoni.

Mwanga wa friji ulikuwa umemwaga njano yake sakafuni. Katikati ya mwanga huo alisimama Bi Yone na fulana zake mbili, kitambaa kichwani, kopo la biskuti amelikumbatia kifuani kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani. Nyuma yake, kwenye rafu ya friji, kati ya bakuli la achari na sufuria ya viazi, palikuwa na pengo la mraba, saizi ya kopo lile.

"Mama."

Bi Yone alishtuka, lakini hakuliachia kopo. "Eh. Umeamka mapema."

"Kopo langu linafanya nini kwenye friji?"

Mzee akalitazama kopo kana kwamba lingejibu lenyewe. "Linalala," alisema. "Kama mayai."

"Mama, mimi si mtoto. Kama hutaki niende kituoni, sema. Uniambie usoni. Lakini kuniharibia kila usiku, halafu asubuhi unanipakulia uji..."

"Kituo kimeingiaje kwenye friji, Misao?"

"Picha zangu zimeharibika! Mwalimu ananiona muongo!"

"Ziharibike kwa nini? Sijagusa picha yoyote. Nagusa hiki unachokisahau nje kila siku ya Mungu."

"Sikisahau!"

"Unakisahau kibarazani, na baridi ya kupasua mawe..."

"Nakiacha makusudi, Mama! Makusudi!"

Friji ikaanza kunguruma nyuma ya Bi Yone, akaifunga kwa kisigino, na giza likawarudia wote wawili. Misao alimsikia akipapasa swichi. Taa ilipowaka, uso wa mama mkwe haukuwa na hila yoyote. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua.

"Makusudi," alirudia. "Kioo cha watu. Kioo cha shule. Unakiacha kwenye baridi makusudi."

"Kikiwa na joto nyota zinayeyuka. Kila kitu lazima kiwe na baridi kama theluji yenyewe. Hata brashi."

"Nani aliniambia?"

Misao alikuwa amemwambia Kozue. Alikuwa amemwambia seremala. Alikuwa amemwambia Mama Nagai, tena kwa mifano.

Bi Yone akaketi kwenye kigoda cha viazi, kopo mapajani.

"Mwaka nilioolewa," alianza, bila kumtazama, "mama mkwe wangu alikuwa na mitungi ya kioo, ya samaki wa chumvi. Baridi ikaja usiku, asubuhi mitungi yote imepasuka kibarazani hapohapo. Akasema ni mimi niliyeiacha nje. Sikuwa mimi. Alikuwa yeye mwenyewe, amesahau. Nikaapa, nikalia, hakuniamini. Hakunisemesha mpaka theluji ilipoyeyuka. Unajua theluji ya huku inayeyuka lini." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko. "Nikasema moyoni, nikipata mke wa mwanangu, hatasikia kwangu neno umesahau. Sasa naona kila jioni binti anatoka darasani amechoka, anaacha kioo cha watu nje. Nikimwambia nitamwaibisha. Basi nakiingiza nikienda kulala, nakirudisha kabla hajaamka. Hajui, haoni haya, kioo kizima. Nilijiona nina akili."

Misao alikumbuka kiduara cha barafu kiganjani mwake na jinsi alivyokifurahia.

"Mama, nilikuwekea mtego," alisema. Alitaka litoke, lisilale humo ndani. "Theluji juu ya kifuniko. Nione kama itayeyuka."

"Mtego?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama panya?"

"Nisamehe, Mama."

Bi Yone alimtazama. Ilikuwa zamu yake sasa kuona kitu ambacho hakutaka kukiona. Akavuta kamasi kwa nguvu na kusimama.

"Nitakasirika," alisema. "Tena sana. Lakini nitakasirika mchana. Hiyo theluji yako inaanguka au haianguki?"

Walikimbilia kibarazani kama watu waliounguza maandazi. Nje ya vioo kijivu kilikuwa kimeanza, na ndani ya kijivu hicho theluji ilishuka bila upepo, chembe kubwa kubwa, kila moja na njia yake. Kipimajoto kilisema kumi na tano na kidogo. Misao alifungua kopo, akagusa kioo kwa shavu, na moyo ukamwanguka. Kilikuwa na uvuguvugu wa friji. Kwa mkono wa kawaida ungeuita baridi. Kwa nyota ulikuwa moto. Kikikaa kwenye kopo lake hakitapoa mpaka jua liwe juu, na upepo wa kusini uko njiani.

"Tukizike kwenye theluji?" Bi Yone aliuliza, kisha akajijibu: "Hapana. Kabichi tunazizika humo zisigande."

Misao alitazama huku na huku: viatu, fagio, kigoda. Na koleo. Koleo la chuma limesimama nje ya mlango, limelala baridi usiku kucha, weupe wa barafu umeliota kama ndevu. Chuma kilichopoa hunyonya joto upesi kuliko hewa. Hilo lilikuwa somo la mwaka wa pili, siku seremala alipobandika ulimi kwenye bawaba. Akalilaza koleo kwenye kizingiti, akalipangusa, akapanga vioo juu ya bapa lake kimoja kimoja. Lenzi akaifunga kwenye kamera, akaiacha wazi. Mahameli Bi Yone aliichukua, akaikung'uta nje mara nyingi kwa hasira iliyokuwa na mahali pengine pa kwenda.

Halafu wakangoja. Misao aliitazama theluji na kuihesabia kila chembe kama deni lake mwenyewe. Kila iliyoanguka ilikuwa imepotea. Kuna wakati ilipungua, hewa ikawa tupu, akahisi machozi yanaganda kwenye kope. Picha ilikuwa yake jana usiku, mkononi kabisa, akaibadilisha na hakika. Na hakika yenyewe ilikuwa ya uongo.

"Gusa," Bi Yone alisema.

Aligusa. Kioo kilimng'ata ngozi ya kidole, kikaing'ang'ania. Kilikuwa tayari.

Akatoa mahameli nje ya mlango. Chembe mbili zikatua, zimevunjika. Akazipuliza. Kisha ikashuka moja, bila haraka, ikijizungusha, ikakaa juu ya weusi ule kana kwamba ndiko ilikokuwa inakuja tangu mawinguni. Misao aliiinua kwa unyasi, akailaza juu ya kioo, akabana pumzi. Akasogeza lenzi nusu ya nusu.

Mikono sita. Matawi yalipangana kama majani ya mkangaga, kila moja na mshipa wake katikati. Na ncha zote sita zilikuwa kali, kali kiasi cha kumfanya mtu akunje kidole. Hakuna aliyezilamba. Akabonyeza. Akavuta filamu, akabonyeza tena, akahamisha tochi, akabonyeza mara ya tatu, na hapo ndipo aliporudi nyuma, akageuka, na kuhema ndani ya skafu kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Nyota ilikuwa bado nzima juu ya kioo.

Akamwona mama mkwe amesimama kwenye kizingiti cha ndani, palepale alipowahi kuweka kikombe cha chai. Hakuwa amevuka. Mikono ameificha chini ya makwapa, macho kwenye ukuta.

"Mama," Misao alisema. "Njoo uione."

"Pumzi yangu itaiharibu."

"Njoo, Mama."

Bi Yone alivuka kizingiti. Akakivuta kitambaa cha kichwani mpaka kikafunika mdomo na pua, akajaza kifua, akakifunga, kisha akainama na kuweka jicho lake kwenye kamera. Misao alimshika kiuno asiyumbe. Mzee hakutikisika. Shingo ile iliyotazama viazi maisha yote ilikuwa imeinama tena, lakini masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na mkono wake mmoja ulitoka kwapani, ukapapasa hewani, kisha ukaupata wa Misao na kuubana.

Mlango wa ndani ukateleza. Kozue alisimama pale na blanketi mabegani, nywele juu, akawatazama mmoja mmoja kama mkaguzi. Alimtazama zaidi bibi yake, aliyekuwa bado ameinama, kimya, bila hata moshi mdogo wa pumzi kutoka kwenye kitambaa.

"Bibi, sasa pumua," alisema.